Soda ya zero na mama mwenye sukari, nimpe ama nimnyime? Uzi mrefu, ketini kabisa

Mwana_Langoni

Asalam aleikum jamaa. Haya mambo nayaleta hapa manake kwenye grupu la familia nishachoka, kila nikiandika kitu natumiwa tena ile ile voisi. Mnaijua, ile ya mama mmoja anaongea mbiombio ati soda za zero zina sumu ya panya na shirika la afya duniani lishasema ni kansa tupu, sambaza kwa watu kumi. Lamu hii sidhani kuna simu haijafika.

Kisa chenyewe ni hivi. Mamangu ana sukari, huu mwaka wa kumi na moja. Na ni mtu wa soda toka ujana wake, pilau bila soda kwake ni kama hajala. Alipopatikana na sukari tukamkataza, akawa anaenda kuinywa kwa majirani, sisi tunajua na yeye anajua kuwa tunajua. Mi nina kiduka Langoni na soda nauza mwenyewe, nikaona afadhali nimletee zero anywe hapa mbele ya macho yangu, chupa moja Ijumaa na pilau lake, basi. Miaka mitatu hatukusumbuana. Sasa Iddi hii shangazi kaja kutoka Mombasa, kaiona chupa kwenye sinia, kaichukua hivi hivi kaenda kuimwaga mtaroni alafu kanigeukia mbele ya watu wote, wewe wamuuwa mamako polepole. Mama kanyamaza kimya. Toka siku hio hagusi zero. Na juzi nimemkuta na ile ya kawaida kaiviringisha kwa leso chini ya kitanda. Yaani shangazi kamtoa kwenye zero kamrudisha kwenye sukari, na anajiona kaokoa mtu.

Nikasema wallahi hili nitalisoma mpaka nilielewe. Wiki mbili kila nikifunga duka niko kwenye simu.

Kwanza ile habari ya kansa si uongo mtupu, na ndio maana inashika. Julai 2023 wakala wa utafiti wa saratani wa shirika la afya duniani, wale walioko Lyon Ufaransa, waliiweka aspatamu kwenye kundi la 2B, maana yake "huenda ikasababisha saratani". Aspatamu ndio kitamu kinachotiwa kwenye soda za zero badala ya sukari, ile kwenye lebo inaandikwa E951, utamu wake ni kama mara 200 ya sukari. Hapo voisi imesema kweli. Lakini siku ile ile kamati nyengine ya mashirika ya umoja wa mataifa, ile inayopima viungo vya vyakula, ikasema kipimo cha zamani kinabaki pale pale, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Hii nusu ya pili voisi haikuisema.

Sasa piga hesabu. Mama ana kilo 60. Mara 40 ni miligramu 2,400. Kopo moja la soda ya zero likiwa na miligramu 200 mpaka 300, itabidi mama anywe makopo nane mpaka kumi na mbili, kila siku ya Mungu, ndio apite mpaka. Yeye anakunywa moja Ijumaa.

Alafu nikaenda kuangalia hilo kundi la 2B nani mwengine amo ndani. Si nikamkuta shubiri! Dondoo la jani zima la shubiri limo kundi moja na aspatamu. Na shangazi yangu huyu huyu kila asubuhi anakunywa shubiri kwa kusafisha tumbo. Nikapanda juu kidogo, kundi la 2A ambalo ushahidi wake una nguvu zaidi, nikakuta vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, waliviweka 2016 kwa sababu ya saratani ya koo la chakula. Nikapanda tena kundi la kwanza kabisa, la vitu ambavyo wana uhakika navyo, pamoja na sigara nikakuta tambuu na popoo lake.

Jamani. Kahawa ya moto, tambuu, shubiri. Hio ni baraza yetu ya kila jioni hio, imepangwa kwenye orodha kutoka juu mpaka chini, na soda ya zero iko pale mkiani, na hio ndio iliyomwagwa mtaroni.

Sasa nauliza, nakosea wapi?

Nahodha_Mstaafu

Mwanangu wewe na simu yako mtatumaliza. Swiswi tumekunwa kahawa ya moto toka wana wadogo, babu yangu akinwa mpaka wa mwisho na akafa na miaka mingi meno yote kinywani. Yeo waya waniambia kahawa ndio mbaya? Muuza kahawa yuwapita hapa na dele lake na makaa chini, nimwambie ngoja ipoe kwanda nipime na kipimo? Hata ndiya simuoneshi. Haya endelea, hiyo ya zero sikuinwa na sitoinwa, soda ya kweli ni ile ya chupa ya kioo yenye vumbi.

Mwana_Langoni

Ami hapo sikuwezi hahaha. Lakini kahawa yenyewe haina neno, hao hao wa Lyon mwaka huo huo wa 2016 waliitoa kahawa kwenye 2B. Kilichobaki ni moto wake. Wewe ngoja tu kidogo ipoe, ongea maneno mawili matatu, alafu kunwa.

Muuguzi_wa_Barani

Nimepita nikaona uzi nikasema huu siuwachi. Mi ni muuguzi huku Malindi, kliniki ya sukari nimekaa miaka, na swali la zero naulizwa kila Jumatano.

Kaka umesoma vizuri ila kuna pahali nikurekebishe kabla watu hawajaondoka na kitu kibaya. Yale makundi hayapimi ukali wa sumu. Yanapima uhakika wa ushahidi. Kundi la kwanza maana yake ni kwamba hawana shaka tena kuwa kitu kinaweza kuleta saratani, haikuambii kwa kiasi gani. Ndio ukaona nyama za kusindikwa, soseji na wenzake, ziko kundi moja na sigara, na hakuna mtu mwenye akili atakwambia soseji moja ni sawa na pakiti ya sigara. Kwa hivo usiseme shubiri ni sawa na zero au tambuu ni mbaya mara ngapi ya zero kwa kuangalia orodha ile peke yake. Ingawa tambuu kweli iwacheni, midomo nimeiona mimi kwa macho yangu.

Ya pili, voisi imechanganya mambo mawili tofauti. Mei 2023, kabla ya hio ya Julai, shirika la afya duniani lilitoa mwongozo mwengine, wakasema watu wasitumie vitamu visivyo sukari kama njia ya kupunguza unene, manake kwa muda mrefu haileti faida inayoonekana na kuna tafiti zinaonesha wanaotumia sana wanapata zaidi kisukari na maradhi ya moyo. Sasa hapo ndipo watu waliposhika "WHO wamekataza". Lakini ukiusoma mwongozo wenyewe umesema wazi, hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mamako hayumo. Na ile ya kuonekana wanaotumia zero wanaugua zaidi, fikiria mwenyewe, ni nani ananunua zero? Ni mtu ameshanenepa ama ameshaambiwa sukari inapanda. Utamkuta na zero mkononi na ugonjwa mwilini ukasema zero ndio imeleta, kumbe ugonjwa ndio ulioleta zero. Hata wao wenyewe wamelitaja hilo ndio maana pendekezo likawa la masharti.

Sio kwamba hakuna kitu kabisa. Kuna utafiti wa Ufaransa ulitoka 2022, watu laki moja na zaidi, wale waliotumia vitamu bandia kwa wingi walionekana kuwa na saratani juu kidogo, kama asilimia 13 zaidi ya wale wasiotumia. Ni utafiti wa kufuatilia watu wanakula nini, hauwezi kuthibitisha kuwa ndicho chanzo, lakini nami siwezi kuutupa. Ndio mi huwaambia wagonjwa wangu, zero ni ngazi ya kushukia kutoka kwenye soda, usijenge nyumba juu ya ngazi. Maji yapo. Madafu pia yapo ila nayo yana sukari yake, usinywe matatu.

Mpishi_Casuarina

Mi napika kwa Mtaliano hapa Malindi, mzee anakaa na kikebe kidogo mfukoni cha vidonge vya utamu, kahawa yake lazima atie kimoja. Siku moja mgeni wake akamwambia acha hizo, huko kwenu Bologna walizijaribu kwa panya zikaleta kansa. Mzee akamjibu ye si panya. Ile ya "sumu ya panya" si imetoka hapo?

Mwana_Langoni

Huenda kabisa. Bologna ni kweli, kuna taasisi ya huko ilitoa utafiti 2006 wa panya na aspatamu, ukapiga kelele dunia nzima. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikaupitia ikaona kasoro kwenye namna ulivyofanywa, alafu 2013 wakaipima aspatamu upya yote wakasema kipimo cha miligramu 40 kinatosha.

Na kabla ya hapo kulikuwa na ya sakarini, kitamu chengine kisicho sukari, E954. Miaka ya 70 panya walipewa sakarini kwa wingi wakapata saratani ya kibofu, Canada wakaipiga marufuku 1977, Marekani wakalazimisha onyo kwenye pakiti. Baadae wakagundua mkojo wa panya dume una mambo yake ambayo mkojo wa binadamu hauna, vijiwe vinajitengeneza mle vinakwaruza kibofu. Onyo likatolewa 2000. Kwa hivo panya wapo kwenye hadithi hii toka zamani, ila walikuwa wanapewa, hawakuwa wanauliwa nayo.

Na mnajua hizi kemikali ziligunduliwa vipi? Sakarini 1879 huko Baltimore, Fahlberg katoka kazini hajanawa mikono kakaa kula, mkate ukawa mtamu. Aspatamu 1965, Schlatter alikuwa anatafuta dawa ya vidonda vya tumbo, karamba kidole afungue karatasi, kidole kitamu. Sukralozi, nayo ni kitamu chengine, 1976 London, kijana Mhindi Phadnis kaambiwa aipime ile kemikali, yeye kasikia aionje, kaionja.

Kijana_wa_Jeti

Kwa hivo wanasayansi wote hawa ni watu hawanawi mikono. Sawa. Nimeelewa dunia sasa.

Swali langu la kweli, mi nabeba mizigo Mokowe. Makreti ya soda yanashushwa kwenye lori saa nne asubuhi, boti inaweza kuja saa nane, jua la huku mnalijua, chupa ukiishika inakuchoma. Nimeskia zero ikipata joto inageuka spiriti. Kweli ama porojo?

Muuguzi_wa_Barani

Nusu kweli. Aspatamu haipendi joto, ikikaa juani na ikikaa siku nyingi inavunjika na utamu unapungua, ndio maana hata keki huwezi kuoka nayo. Ukionja zero ya zamani utaona haina ladha. Na ikivunjika, hata tumboni mwako inavunjika vile vile, inatoa kidogo methanoli, hio unayoiita spiriti. Kidogo sana lakini. Glasi ya juisi ya tungule inatoa methanoli zaidi ya glasi ya zero. Kwa hivo haitakuuwa ila umenunua kitu kimeshaharibika, mwambie tajiri anunue turubai.

Ah na nimesahau, kuna watu wachache wanazaliwa hawawezi kuvunja fenilalanini, kitu kinachotoka aspatamu ikivunjika, ni ugonjwa wa nadra wa kurithi, hao ndio zero yenye aspatamu ni haramu kwao kabisa na ndio maana lebo huwa imeandikwa onyo. Wengine wasiogopeshwe na lile onyo.

Bi_Mabuyu

Nauliza kwa adabu. Mi niko Majengo Malindi nauza mabuyu na barafu za watoto, za pakiti. Sukari ilipopanda bei wengi tulihamia kwenye ule unga wa sharubati wa vipakiti, unatia kimoja kwa jagi zima inakuwa tamu mpaka unashangaa. Sikuwahi kusoma nyuma kumeandikwa nini. Baada ya uzi huu nimevaa miwani ya marehemu mume wangu nikasoma, nimeona E951, E950, na kimoja E952. Hizi ndizo mnazosema? Wanangu na wajukuu wanazinywa hizi toka wanaanza kutembea.

Mwana_Langoni

Bi mkubwa, hapa ndipo nilipopata baridi mimi pia, na ndio sababu uzi nimeufanya mrefu.

E951 ni hio aspatamu. E950 ni asesulfemu, mara nyingi zinatiwa pamoja ili moja ifiche uchungu wa mwenzake. E952 ni siklameti, hio Marekani waliipiga marufuku toka 1969, Ulaya na nchi nyengi inaruhusiwa mpaka leo kwa kipimo. Zote zina mpaka wake, na mpaka unahesabiwa kwa kilo. Sisi tumebishana hapa habari ya mama mwenye kilo 60. Mjukuu wako ana kilo ngapi? Tuseme 15. Mara 40 ni miligramu 600. Huyo makopo mawili matatu ya zero kwa siku ameshafika. Na mtoto haendi na kopo, anaenda na barafu asubuhi, barafu mchana, sharubati ya jagi jioni, na kila mmoja nyumbani anatia pakiti kwa macho, ikionekana nyepesi anaongeza ya pili.

Yaani kelele zote tumepigia chupa ya mama, ambayo ina kiasi kinachojulikana, na mtu mzima, na mgonjwa ambaye kwake hii ni afadhali. Vile vipakiti vya watoto hakuna shangazi hata mmoja amevimwaga.

Muuguzi_wa_Barani

Naunga mkono. Bi, usiogope yaliyopita, hakuna mtoto atakufa kwa barafu. Lakini fuata vipimo vilivyoandikwa, pakiti moja kwa maji yale wamesema, usikaze. Na kama waweza rudi kwenye ukwaju na ubuyu wa kweli na sukari kidogo, punguza utamu polepole hawatajua. Tatizo la mtoto wala sio kansa, ni kwamba ulimi unazoea utamu ule mkali, baadae embe anaona halina ladha. Na meno, hata zero ina asidi, meno yanalika sukari iwepo isiwepo.

Bi_Mabuyu

Ubuyu ninao gunia zima. Asanteni wanangu.

Msema_Ukweli

Mnaongea kama vile hao wa makampuni hawajui kununua wataalam. Hizo kamati zenu nani anawalipa? Kemikali imetoka maabara mtu karamba kidole alafu leo mnaniambia kipimo miligramu 40, hio 40 ilitoka wapi, nani aliihesabu? Mi naamini voisi kuliko nyinyi, angalau yule mama hauzi kitu. Wewe una duka.

Mwana_Langoni

Haki yako kuuliza na duka ninalo sikatai. Ila kwenye duka hilo hilo soda ya kawaida nauza kreti nne zero ikienda chupa tano. Ningetaka faida ningeisambaza ile voisi mimi mwenyewe.

Na habari ya kununua wataalam ni kweli tupu, lakini sikiza ilivyokuwa. Miaka ya 60 wenye viwanda vya sukari Marekani waliwalipa watafiti wa Harvard waandike kuwa tatizo la moyo ni mafuta, sukari isiangaliwe sana. Makala yakatoka 1967. Ilikuja kufichuka 2016, watu walikuta barua za zamani. Kwa hivo ukisema tusiwaamini wa zero kwa sababu ya pesa, na wa sukari je? Pesa ziko pande zote mbili. Ndio mi nimerudi kwenye kitu ninachoweza kukiona na mashine ya kupimia ya mama pale mezani. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari karibu gramu 32, vijiko vinane vya chai. Akiinywa nikampima baada ya saa moja naona namba imeruka. Akinywa zero namba haiendi kokote. Hio hakuna kampuni iliyonilipa kuiona.

Ile 40 wanaipata hivi, wanachukua kiasi kikubwa kabisa ambacho mnyama alipewa kila siku asipate madhara, wanakigawa kwa mia.

Msema_Ukweli

Mnyama tena. Haya.

Muuguzi_wa_Barani

Mwana Langoni ngoja kidogo. Umesema namba haiendi kokote. Mamako anatumia dawa gani? Na nyumbani mko na soda ya kawaida hata moja ama zote mmezitoa?

Mwana_Langoni

Dada umegusa pale nilipokuwa nakwepa.

Anatumia vidonge, metformin na glibenclamide. Na nyumbani wakati ule hatukuwa na ya kawaida hata moja, tulijisifu kabisa nyumba yetu haina sukari.

Ramadhani ya mwaka juzi, kumi la mwisho. Mama aliambiwa asifunge akafunga, na vidonge akavimeza vyote daku kama kawaida. Laasiri imepita, niko dukani, naitwa mbio. Nimemkuta kakaa kwenye kiti cha ukambaa jasho linamtiririka, nguo imelowa, mikono yatetemeka, tunamuongelesha hatujibu vizuri. Dada yangu anasema mpeni kitu kitamu sukari imeshuka. Sawa, nikakimbia kwenye friji nikatoa zero. Ni tamu si ni tamu? Tukamnywesha chupa nzima. Tunangoja. Dakika kumi, akaanza kumuita kakake, na kakake alishakufa baharini kitambo. Mi nimesimama na chupa tupu mkononi nashangaa mbona haifanyi kazi.

Jirani mke wa fundi wa majahazi yuko jikoni kwake anapika kaimati za futari, kasikia kelele kaja na mwiko mkononi, katutizama, kaona chupa, katutukana tusi siwezi kuliandika hapa, kakimbia karudi na bakuli la shira. Shira ya kaimati, ya vuguvugu bado. Kamnywesha kwa kijiko. Baada ya kama robo saa mama katutizama kasema "kwani mmefungua kabla ya adhana?"

Sijawahi kumwambia shangazi hii. Angekuwa na voisi yake mwenyewe.

Muuguzi_wa_Barani

Alhamdulillahi. Hio glibenclamide ndio huangusha, metformin peke yake ni nadra. Jamani wote mnaosoma hapa mkiwa na mgonjwa wa sukari nyumbani, hii ndio hatari ya zero ambayo voisi haisemi. Ni tamu ulimini lakini damu haipati kitu. Sukari ikishuka, mashine ikisoma chini ya 3.9, ama huna mashine lakini unaona jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo unadunda, maneno hayaeleweki, mpe nusu chupa ya soda ya KAWAIDA ama vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15 upime tena, bado iko chini mpe tena, ikipanda ale chakula. Amezimia usimtie kitu kinywani, atapaliwa, mbebe hospitali hata kwa punda. Na asiache wala asipunguze vidonge kwa sababu ya uzi huu, aende kwa daktari wake kabla ya Ramadhani sio ndani yake.

Nahodha_Mstaafu

Shira ya kaimati. Mwaona sasa? Sukari nayo ina siku yake.

Kijana_wa_Jeti

Mwana Langoni sasa mama mmemrudishia zero ama bado?

Mwana_Langoni

Nimekaa naye jana usiku nikamsomea uzi huu wote, hata ya ami ya meno. Kacheka. Kasema zero atarudia Ijumaa ila tuimimine kwenye jagi shangazi akija asiione. Shangazi mwenyewe nilimtumia ile hesabu ya kilo 60, hakujibu siku mbili, alafu leo asubuhi kaniandikia neno moja tu, "na shubiri je?"

Na ya kawaida tumeweka moja kabatini, nimeifunga uzi mwekundu shingoni, hii ni ya dawa, watoto wote nimewaonesha nikawaapisha wasiiguse. Nimeenda kuitazama kabla ya kuandika hapa. Chupa ipo, uzi mwekundu upo, kizibo kipo kimerudishwa vizuri kabisa. Ndani ni maji.

Bi_Mabuyu

Mwanangu weka mbili.